Bwana Bure na Mukono ya Mwisho ku Kamba

10 Septemba

Ketsia amenipa hii kaye ya kuandika. Haiko zawadi, ni kufuli ya kinywa. Huyu mujukuu yangu anafanya video za kufundisha wamama kushona, na kila anapoanza kusema mbele ya telefone, miye naona neno nzuri ya kuongeza. Leo alikuwa anaonyesha namna ya kukata kola, nikasema kwa nyuma kwamba ile kola ingefaa shingo ya bata. Akazima telefone. "Koko, kila kitu yenye inakuja mu kinywa, iandike humu." Bon, naandika. Ile kola ilifaa bata kabisa.

Jina yangu ni Baudouin. Baba alinipa jina ya mufalme wa Wabelgiji mwenye hakutuletea hata kikombe. Nilisoma mpaka cinquième primaire, darasa ya tano, alafu ng'ombe zikaniita.

12 Septemba

Mvua. Hakuna video, manjanja, mabati ya nyumba, inapiga kelele kunishinda.

14 Septemba

Nimemuuliza Ketsia kazi yake inamulisha namna gani, maana sijaona mama hata mumoja kuleta mukungu ya ndizi.

Anasema hivi: anaonyesha mashini fulani ya kushona mu video, alafu chini anaweka maandishi ya bulu. Mama mwenye iko ng'ambo, Charleroi ao Winnipeg, anafinya ile bulu, inamupeleka mu duka ya mashini ku intaneti. Anapoingia, iko na alama ya Ketsia ku mugongo. Akinunua, duka inaona alama, inamutumia Ketsia sehemu yake. Mama haongezi kitu, ni duka inatoa.

Nikaruka. "Kumbe weye ni komisioneri!"

Akakasirika. Hapa Bunia komisioneri ni wale wanauzisha parcelle moja ya kujenga kwa watu watatu. Lakini miye nilikuwa komisioneri ya ng'ombe miaka makumi tatu, na nimejisikia kama mutu mwenye ameona sura yake mu mutoto. Siye tulikuwa tunatoa mununuzi ku barabara, tunamupeleka mpaka ku pembe za ng'ombe, na muuzaji anatupa mukono, ni kusema sehemu yetu. Huyu anafanya vile vile, akikaa chini, hapa mu mutaa ya Rwambuzi, bila kukanyaga mavi. Niko na heshima kubwa sana.

15 Septemba

Habari mubaya nimeiacha kwa leo. Mutoto yangu Élisée, mujomba wa Ketsia, amemupatia nafasi Kampala, kusimama mu duka ya nguo ya rafiki yake. Ketsia amejibu: "Uningoje mpaka mwisho wa Novemba. Kama video haitanilisha mpaka ile siku, nitakuja." Aliisema mbele yangu, akiangalia sufuria.

Nimesema Kampala iko muzuri. Nimesema hata miye nitapumzika. Alafu nimeenda kuangalia mbuzi, na mbuzi haikuwa na kitu ya kuangalia.

21 Septemba

Mvua. Sombe, majani ya muhogo, bila samaki.

25 Septemba

Immaculée wa Charleroi, mutoto wa mudogo yangu, amepiga telefone. Ile mutu anaweza kusema mpaka betri iombe huruma. Lakini leo amesema neno.

"Baba mukubwa, kuna kidude fulani ya bure! Unaiweka mu ordinateri, ile kompyuta. Ukienda kulipa kitu, inatoka yenyewe, inakuambia: ngoja mama, nikutafutie kupo ya kupunguza bei. Sufuria zangu zimeshuka euro saba!"

"Na weye unakipa nini?"

"Hakuna! Bure!"

Nimekaa nikafikiri. Mutu anakungojea ku mulango ya kulipa, anakusaidia, hachukui kitu. Huyu ni malaika ao ni mushenzi mukubwa. Nimemuita Bwana Bure.

Alafu nimekuwa na akili. Bei ikishuka, wamama watanunua mingi. Wamama wakinunua mingi, Ketsia atakula. Ketsia akikula, Kampala itangoja. Basi nimeshika telefone na kutuma sauti kwa ukoo yote yenye iko ng'ambo: Ubelgiji, Canada, na mukatekista mumoja mwenye alipotelea Norvège. Nimesema: "Wamama wa Ketsia, wekeni Bwana Bure, ni baraka, ni miye muzee nasema." Nikawaomba waipitishe kwa wengine. Ketsia sijamwambia. Itakuwa mushangazo.

3 Oktoba

Mvua ya mawe. Mbuzi imeingia mu chumba yangu na imekataa kutoka.

11 Oktoba

Wamama wananunua kama sikukuu! Wanaandika chini ya video: asante Ketsia, mashini imefika, asante Ketsia, nimenunua na mukasi. Miye nacheka peke yangu kama mwenye kuficha asali.

Lakini Ketsia hacheki. Jioni amefungua fasi yenye duka inaandika sehemu yake, akanionyesha. Siku hizi kumi, karibu hakuna.

"Labda mashini wamenunua ku soko," nimesema.

"Koko, wameweka picha ya mashini. Ni ile ile ya duka yangu. Mbona duka inasema sijawaleta?"

13 Oktoba

Ketsia ametoa valizi ya safari juu ya kabati na kuipanguza. Anasema ni mavumbi tu. Mu Oktoba, na hii mvua, mavumbi inatoka wapi?

17 Oktoba

Leo nitaandika mingi, maana nimemuona Ketsia akipasua ile mambo kama daktari anapasua chura.

Ketsia amemupigia Immaculée kwa video, akamwambia: "Mama, onyesha ordinateri yako, na ufanye kila kitu polepole kama unanunua mashini. Usilipe." Immaculée alifinya bulu, akaingia mu duka. Juu kabisa, mu ile mustari ndefu ya maandishi, Ketsia akanionyesha na kidole: ku mukia ya mustari kulikuwa jina yake. "Unaona, Koko? Hapa niko."

Immaculée akachagua mashini, akafika ku kulipa. Bwana Bure akaruka. Ngoja mama, nikutafutie kupo! Kaduara mu ordinateri kakazunguka, kakazunguka. Alafu kakasema: tumetafuta fasi yote, hakuna kupo, lakini bei yako iko muzuri. Finya hapa uendelee. Immaculée akafinya.

"Simama hapo," Ketsia akasema. "Soma mukia sasa."

Immaculée akasoma. Jina ya Ketsia ilikwisha kutoka. Ilikuwa jina ya Bwana Bure.

 

Ketsia akaeleza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Duka haiulizi nani alimutoa mama ku barabara. Inaangalia alama moja tu, ile ya mwisho mbele ya kulipa. Bwana Bure hatembei na mutu. Anakaa ku mulango, anamugusa mununuzi ku bega, na ile sekunde ya kutafuta kupo anafuta alama ya mwenye alimuleta na kuweka yake. Kupo ikipatikana, anakula. Kupo ikikosa, anakula vile vile. Mama hajaibiwa kitu. Duka inalipa yenye ingelipa. Ni ule wa katikati tu, mwenye alifanya kazi, anarudi na mikono tupu.

"Lakini nani amewaambia wamama wangu wote kuweka hii kitu kwa wiki moja?" akauliza.

Immaculée akasema, na furaha yake yote: "Si Baba mukubwa! Alitutumia sauti!"

Ketsia aliniangalia. Sijaona macho kama ile tangu marehemu bibi yangu, mama ya Élisée, alikuta nimeuza kitanda.

18 Oktoba

Hajanitukana. Ameniwekea bugali, akatoka. Ingekuwa heri anitukane.

Nitaandika yenye sijamwambia mutu. Jana, wakati kaduara kalikuwa kanazunguka, miye sikuwa na hasira. Ilikuwa kama kuona ndugu yako ku televisheni. Ile ufundi naijua. Ile ufundi ni yangu!

Ku soko ya ng'ombe, sheria ilikuwa hii: muuzaji analipa komisioneri mwenye mukono yake iko ku kamba wakati ng'ombe inapita mulango ya lupango, uzio ya soko. Mwenye hekima alitunga ile sheria ili watu wasigombane. Lakini mbele ya kutoka, komisioneri anapashwa kwanza kukimbia kuchukua karatasi ya taksi, ule ushuru wa soko, ku ofisi, na kwa ile dakika mununuzi anabaki peke yake na kamba. Miye nilikuwa nakaa pale. "Ngoja papa, usilipe! Nikuombee bei ishuke." Nashika kamba. Naenda kumunong'oneza muuzaji habari ya mvua. Narudi: "Papa, amekataa kushusha, lakini bei iko ya haki." Tunapita mulango pamoja. Mukono ya nani iko ku kamba? Ya Baudouin.

Sikuwa na ordinateri, lakini nilikuwa Bwana Bure mbele ya Bwana Bure kuzaliwa. Yeye anafanya kwa watu milioni kwa siku moja, bila kunyeshewa. Kama ningekuwa na kofia ningeivua.

Lakini kuna mutu. Mwaka mumoja, kijana mumoja ya Butembo alileta mununuzi kutoka mbali, alitembea naye siku mbili, akamulisha, akamuchagulia dume nzuri. Akaenda kutafuta karatasi. Aliporudi, mukono yake alinyimwa. Alifikiri muuzaji ni mwizi. Akaacha kazi ya ng'ombe, akafungua duka ya vyuma na misumari. Ule kijana ni Kamate. Kamate mwenye anakuja hapa kila mercredi, ni kusema Jumatano, kucheza damu, ule muchezo wa drafti, na miye, na vifuniko vya chupa, hata mvua ipige. Nimezika watu mingi. Wa kucheza naye damu amebaki yeye.

22 Oktoba

Nimemuuliza Kamate, wakati wa damu, kama Bwana Bure ni mubaya.

"Anamupunguzia mununuzi?"

"Mara moja moja."

"Anamulazimisha?"

"Hapana."

"Basi ni muchezaji muzuri," amesema, akakula vifuniko yangu mbili. "Lakini kitu ya bure, muzee, ni kama paka ya jirani. Ukiona haombi chakula kwako, jua anakula fasi ingine."

Ketsia alikuwa anasikia. Anasema kuna ingine: Bwana Bure anaangalia kila duka yenye mutu anaingia, na kila kitu yenye ameshika na kuacha. Na tena maduka mengine yanapatana naye ili aonyeshe kupo ndogo tu na afiche ile kubwa. Kamate alifungua kinywa. "Anakula kwa muuzaji, kwa mununuzi na kwa komisioneri? Huyu mutu angefaa Bunia."

27 Oktoba

Ketsia amefanya video ya kuwaeleza wamama. Dakika kumi na mbili, na michoro. Nilikaa kimya yote. Ilikuwa safi kama misa.

Hakuna mwenye ameamini. Wanaandika: ni wivu. Wanaandika: mbona muzee wako alituambia ni baraka? Immaculée mwenyewe amepiga: "Ketsia, weye nakupenda, lakini Bwana Bure amenipa euro saba. Niondoe kitu yenye inanipa, juu ya michoro?"

29 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Ketsia amefunga mashini moja mu plastiki. "Juu ya unyevu," amesema. Hajafunga ile ingine.

2 Novemba

Ameniomba. Tulikuwa tunachambua maharagi.

"Koko, wananisikia kama mwalimu, ndiyo maana hawasikii. Ile ujanja ya kamba ulinionyesha siku moja ukiwa umelewa, nilikuwa mudogo, lakini nakumbuka. Useme weye. Mbele ya telefone. Mwizi akieleza wizi, watu wanafungua masikio."

"Mwizi nani?"

"Koko."

Nimekataa. Nimesema muzee mwenye mvi hawezi kujivua nguo mbele ya Winnipeg. Sikumwambia sababu ya kweli, ni Kamate. Kamate anaangalia video zote za Ketsia. Anasema zinamufundisha upole.

Hakunibembeleza. Aliendelea na maharagi, mbaya huku, nzuri huku, bila kukosea hata moja.

5 Novemba

Mercredi. Kamate amenishinda mara tatu. Akili yangu haikuwa hapa.

12 Novemba

Barabara ya Tchomia, kule ziwa, imeharibika, ku soko hakuna samaki. Kamate amekuja na bitoyo moja, samaki ya chumvi, ameifunga mu gazeti, ya mwisho mu nyumba yake. "Kula muzee, umekonda kama deni." Nimekula. Sikumuangalia.

15 Novemba

Élisée ametuma nauli ya basi. Siku ya kuondoka ni tarehe moja Desemba. Nimempigia nikamwambia Ketsia anakohoa sana, hafai safari. Amesema, "Baba, nimeongea naye sasa hivi, ni weye unakohoa." Huyu mutoto akili ameitoa kwa mama yake.

Ketsia amefunga mashini ya pili. Hajasema neno ya unyevu.

16 Novemba

Nimesema.

Nilivaa koti ya mazishi. Nikamwambia Ketsia afungue telefone mbele ya miye kubadilisha nia. Alileta kamba ya mbuzi na mbuzi yenyewe iwe ng'ombe. Nikawaambia wamama hivi:

"Ni miye yule muzee wa baraka. Nilikosea, na haikuwa ujinga, maana hii kazi naijua kupita ninyi. Angalieni mukono yangu." Nikawaonyesha yote: mununuzi, karatasi ya taksi, kunong'ona, mulango, mukono ya mwisho. "Ule mununuzi hakupoteza kitu. Alinishukuru hata. Ni ule kijana mwenye alimutembeza siku mbili alirudi bila kitu, akafikiri dunia ndiyo mubaya, na haikuwa dunia, ilikuwa miye. Bwana Bure ni fundi. Namupenda kama mutoto yangu. Lakini ninyi mulijifunza kushona kola kwa nani? Kwake? Mama akitaka kupo, atafute kupo, ni haki yake. Siku yenye anakuja kwa njia ya Ketsia, azime Bwana Bure mbele ya kufinya bulu. Ni kidole moja. Na ule kijana iko na jina. Anaitwa Kamate, ni rafiki yangu, na leo ndiyo siku ya kwanza anasikia."

Mbuzi ikakula mukia ya kamba. Ketsia hakuikata ile fasi. Aliweka video vile iko, akaingia mu chumba yake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Tulikuwa hatujawasha moto.

19 Novemba

Mercredi. Kamate hakuja. Nilipanga vifuniko, nikavitoa.

20 Novemba

Hakuja.

22 Novemba

Amekuja samedi, Jumamosi, siku yenye haiko yake. Alikaa, akapanga vifuniko polepole.

"Ule mununuzi," akasema, "unajua alikuwa nani?"

"Mutu wa Butembo."

"Alikuwa mujomba wangu, muzee. Alinieleza mu njia ya kurudi: kulikuwa mwanaume mumoja murefu, ya upole sana, alitushikia kamba. Nilikujua tangu ile wiki."



"Na ulinyamaza miaka yote?"

"Nilikuwa nangoja useme. Na sikungoja na njaa. Hii nyumba uliijenga na misumari ya nani? Na manjanja? Na kufuli? Uliuliza bei mu duka ingine hata mara moja?"

"Ulinipa bei ya rafiki!"

"Eh," amesema Kamate, akakula vifuniko yangu tatu kwa mara moja. "Ya rafiki."

Tulicheka mpaka Ketsia akatoka kuona nani anakufa. Nilimuuliza basi sababu ya kukosa mercredi. Akaangalia chini. "Kujua ni kitu moja. Kusikia jina yako inasemwa mbele ya watu, na mwenye alikukosea… Nilikuwa na kazi, muzee. Cheza."

26 Novemba

Ketsia anafungua ile fasi ya duka asubuhi na jioni. Hanionyeshi. Lakini wamama wanaandika: nimezima, nimezima na miye, Immaculée amesema amekitoa kabisa, na anadai nimulipe zile euro saba. Mumoja ya Winnipeg ameuliza kama yule mwizi wa ng'ombe iko na bibi.

Nimemuuliza Ketsia kama inatosha. "Bado sijui, Koko." Valizi iko karibu na mulango.

30 Novemba

Leo mvua imekosa. Mbingu safi mpaka milima.

Alipiga telefone ku Kampala asubuhi, nyuma ya nyumba. Miye nilikuwa na kazi ya haraka ku dirisha ya nyuma.

"Mujomba, asante kwa nauli, nairudisha leo. Hapana, siji. Video imeanza kunilisha: si utajiri, ni chakula na sabuni, lakini ni yangu, na inapanda kila siku." Élisée alisema mingi. Alafu nikasikia anacheka, kicheko yenye sijasikia tangu Septemba. "Tena Mujomba, siwezi. Nikitoka hapa wiki moja tu, huyu muzee atafungua chaneli yake."

Nilijifanya natafuta mbuzi. Alipita karibu yangu, akabeba valizi, akairudisha juu ya kabati, akaanza kutoa plastiki ku mashini.

"Koko," akaita bila kugeuka, "najua uko ku dirisha. Siku ya jeudi nafundisha kushona koti ya wanaume. Nataka mutu wa kuvaa, na wamama wamemuchagua wenyewe."

Nimejibu nitafikiri. Niko nafikiri mbele ya kioo, na wembe ku ndevu.